Breki za Upepo na Mteremko: Mwongozo kwa Dereva wa Lori

Lori likiacha njia kwenye mteremko, maelezo huwa tayari kabla vumbi halijatua: upepo uliisha, breki zikafeli. Askari huyaandika, redio huyatangaza, na mwenye gari huyapokea bila swali. Lakini gari lenye breki za upepo zilizo nzima halikimbii kwa sababu ya kuishiwa upepo. Likiishiwa upepo husimama. Limeundwa makusudi lifanye hivyo. Lori likikimbia, ujue kuna jambo jingine lililotangulia, na mara nyingi jambo hilo lilikuwapo tangu asubuhi, gari likiwa bado limeegeshwa na dereva anakunywa chai.

Mwongozo huu unamlenga dereva wa masafa marefu: anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, Lubumbashi au Kigali, na anayetoka Mombasa kwenda Malaba na kuendelea Kampala. Utingo naye ausome, na tajiri wa gari asiuruke, kwa sababu mengi yaliyomo yanahitaji mikono ya mmoja na fedha za mwingine.

Upepo unavyofanya kazi

Injini huzungusha kompresa, na kompresa huvuta hewa na kuisukuma kwenye matangi. Gavana ndiyo inayoamua kompresa ijaze lini na ipumzike lini. Kwenye malori ya Kimarekani, kama Freightliner zilizo nyingi kwenye barabara ya Tunduma, gavana hukata kati ya psi 120 na 135 hivi, yaani ba 8 hadi 9. Malori mengi ya Ulaya hupanda zaidi ya hapo. Ule mlio wa "pshiii" unaousikia kila baada ya muda ni kikausha upepo kikitema maji kiliyoyanasa. Madereva wengi wameuzoea hata hawausikii tena. Usikilize, maana ukitoweka kabisa kuna kitu kimeacha kufanya kazi.

Upepo umegawanywa katika njia mbili zinazojitegemea, moja ya breki za nyuma na nyingine ya breki za mbele. Ndiyo maana geji ina sindano mbili, au geji zenyewe ziko mbili. Mpira ukipasuka upande mmoja, upande wa pili unabaki na upepo wa kukusimamisha, ingawa kwa umbali mrefu zaidi. Sindano moja ikianza kushuka peke yake, usijifariji kwamba ya pili bado ipo. Tafuta pa kusimama.

Ukikanyaga pedali, mguu wako hausukumi breki. Unafungua vali tu. Upepo hutoka tangini, husafiri kwenye mipira hadi kwenye busta za magurudumu, na ndani ya kila busta kuna mpira mpana unaosukuma fimbo nje. Fimbo huvuta mkono wa slaki ajasta, slaki huzungusha shafti ambayo kichwa chake kina umbo la herufi S, na kichwa hicho kikizunguka huzitanua shuu mbili hadi lainingi zake zibane ukuta wa dramu. Busta iliyozoeleka nyuma ni ile ya namba 30, kwa kuwa eneo la mpira wake ni inchi 30 za mraba. Ipe psi 100, nayo itasukuma fimbo kwa nguvu ya ratili 3,000, zaidi ya tani moja na robo, kwa gurudumu moja tu.

Safari hiyo ya upepo inachukua muda. Ni muda mfupi, karibu nusu sekunde, lakini lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu kisheria kwa malori Tanzania na Kenya, hupita kiasi cha mita 10 kabla lainingi hazijagusa dramu. Hapo hujahesabu muda wa jicho kuona na mguu kuhama. Mwenye gari dogo anayekupita na kujichomeka mbele yako haijui hesabu hiyo. Wewe unaijua, kwa hiyo nafasi ya mbele ni yako kuilinda. Akiijaza, rudi nyuma uitengeneze upya.

Sasa tuje kwenye springi. Busta za nyuma zina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha breki ya mguu. Cha pili kimefungiwa springi nene ambayo ikiachwa huru husukuma fimbo ileile na kubana breki. Upepo ndio unaoikandamiza springi hiyo ili gari litembee. Kwa hiyo unapovuta handibreki hupeleki upepo popote. Unautoa, na springi inashika. Upepo ukivuja wenyewe ukashuka hadi kati ya psi 45 na 20, springi zitashika uwe umetaka au hujataka. Wazo lenyewe ni la zamani. George Westinghouse alisajili breki yake ya upepo ya treni nchini Marekani mwaka 1869, na ile ya kwanza ilikuwa na udhaifu mkubwa: mpira ukikatika, mabehewa yalibaki bila breki. Mwaka 1872 akaugeuza mpango mzima, ikawa kushuka kwa upepo kwenye bomba ndiko kunakobana breki. Lori lako linafuata fikra hiyohiyo.

Kabla springi hazijashika, kengele hulia. Kwenye malori ya Kimarekani ni karibu psi 60, na kwenye mengi ya Ulaya ni ba 5 hivi. Kati ya kengele na springi kuna eneo baya kuliko yote: upepo haujapungua kiasi cha springi kubana, lakini hautoshi tena kwa pedali kufanya kazi yake. Kengele ikilia, simama mahali pa kwanza palipo salama. Usiseme utafika kituo kinachofuata. Na anayekata waya wa kengele ili isimpigie kelele hafai kukabidhiwa gari lenye mzigo, awe dereva hodari namna gani.

Joto

Kwa nini basi malori yanakimbia? Jibu kubwa ni joto.

Breki haifuti mwendo. Huugeuza kuwa joto. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, gari na mzigo wake. Chukua lori la tani 50. Kwa kila mita 100 linazoshuka wima, linaachia nishati ya takribani megajuli 49, sawa na joto la kuchoma zaidi ya lita moja na robo ya dizeli. Ukitaka lisiongeze mwendo, joto hilo lazima liishie mahali: sehemu kwenye injini, sehemu kwenye upepo wa njiani na tairi, na lote linalobaki kwenye dramu. Sasa fikiria Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, ambako malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hushuka mamia ya mita, kona baada ya kona.

Dramu ni chuma cha kusubu. Ikipata joto hutanuka, na ikitanuka ukuta wake huzikimbia lainingi, kwa hiyo fimbo ya busta inalazimika kusafiri zaidi ili zifike. Wakati huohuo lainingi zenyewe, zikipata moto kupita kiasi, hupoteza ukali. Dereva anaona pedali haishiki kama mwanzo, anakanyaga zaidi, joto linazidi, dramu inatanuka zaidi. Na wakati wote huo geji ya upepo inaweza kuwa inasoma vizuri kabisa! Upepo upo, ila fimbo zimefika mwisho wa mwendo wake na hakuna kilichobaki cha kubana. Handibreki nayo haitamwokoa, kwa sababu springi inatumia fimbo zilezile, shuu zilezile na dramu zilezile zilizotanuka. Hii ndiyo breki "kufeli" inayoandikwa kwenye ripoti nyingi, na upepo husingiziwa bure.

Busta ya kawaida ya namba 30 ina mwendo wa inchi 2 na nusu tu, toka mwanzo hadi mwisho. Kikomo cha kuirekebisha ni inchi 2. Dereva anayeondoka na fimbo zinazotoka inchi 2 na kitu amebakiwa na chini ya nusu inchi ya kukabiliana na joto la mlima mzima. Mjini breki hizo zitashika vizuri, na kwenye tambarare ya Mikumi zitashika vizuri. Hazitampa dalili yoyote mpaka awe ameshaingia mteremkoni. Ndiyo maana kusema "mbona zilikuwa zinashika tu" si ushahidi wa chochote, na ndiyo maana lazima zipimwe.

Chaki, rula na watu wawili

Egesha gari mahali palipo sawa na uzuie magurudumu kwa vigingi vya uhakika, mbele na nyuma, kwa sababu mtu ataingia chini na handibreki itakuwa imeachiwa. Jaza upepo, zima injini, achia handibreki. Utingo achore alama ya chaki kwenye fimbo ya kila busta, pale hasa fimbo inapotokea. Kisha mmoja anaita na mwingine anaitika.

"Kanyaga, kaka!"

Dereva anakanyaga hadi geji isome psi 90 mpaka 100, ba 6 hadi 7, anashikilia.

"Hapohapo, usiachie." Utingo anapima kutoka kwenye mdomo wa busta hadi kwenye chaki. "Moja na robo tatu. Achia. Twende ya pili."

Kwa busta ya kawaida ya namba 30, chaki isitoke zaidi ya inchi 2, yaani sentimita 5. Zipo busta za mwendo mrefu ambazo kikomo chake ni inchi 2 na nusu, na hizo huwa na kibati kinachozitambulisha. Usizipime kwa kipimo cha nyingine. Andika namba ya kila gurudumu kwenye daftari la gari. Namba moja haikuambii mengi, lakini ukiziona za wiki nne zimepangana utajua ni gurudumu gani linalegea haraka kuliko mengine. Linganisha pia kushoto na kulia kwenye ekseli moja, kwa sababu tofauti kubwa hufanya gari livute upande mmoja siku unapokanyaga kwa nguvu.

Slaki za kisasa hujirekebisha zenyewe. Zikipitiliza kikomo, mafundi wengi hutia spana, wakazikaza kwa mkono, gari likaondoka. Usikubali. Slaki ya kujirekebisha ambayo haijirekebishi imekufa, au ilifungwa vibaya, au bushi za shafti ya S zimelika na pini zimekwisha. Ukiikaza kwa mkono umefuta dalili na ugonjwa umeuacha palepale. Baada ya siku chache italegea tena, safari hii ukiwa njiani na bila kujua. Slaki za kukazwa kwa spana ni zile za zamani tu, na hizo zinataka kukaguliwa mara kwa mara bila kungoja pedali ilegee.

Ukimaliza fimbo, pima uvujaji. Injini ikiwa imezimwa, matangi yamejaa, handibreki imeachiwa na mguu hauko kwenye pedali, gari lenye kichwa na tela lisipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika moja. Kanyaga kwa nguvu, ngoja sindano itulie baada ya kushuka mara ya kwanza, kisha shikilia dakika nzima: isishuke zaidi ya psi 4. Tumia saa. Wakati huo utingo atembee taratibu kando ya gari lililo kimya akisikiliza, na panaposikika mnong'ono apake maji ya sabuni aone povu linapovimba. Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mfululizo, uhakikishe kengele inalia kwenye kipimo chake na kitufe cha handibreki kinaruka chenyewe upepo ukishuka. Washa injini: kupanda kutoka psi 85 hadi 100 kusizidi sekunde 45. Kukichelewa, kompresa imechoka au kuna tundu hujaliona.

Matangi nayo yana habari ya kukupa. Hewa ya Dar es Salaam na Mombasa ina unyevu mwingi, na kompresa huumeza wote. Mwisho wa siku fungua vali zilizo chini ya matangi na uangalie kinachotoka. Maji kidogo si hoja. Maji mengi siku baada ya siku yanasema katriji ya kikausha upepo imekwisha. Maji meupe yenye mafuta yanasema kompresa inapitisha oili, na oili hiyo huharibu mipira ya ndani ya vali na busta mpaka siku vali inapokwama.

Busta iliyofungwa bolti

Ubavuni mwa busta nyingi za springi kuna bolti ndefu iliyohifadhiwa. Imewekwa pale ili springi iweze kukandamizwa kwa mkono, gari lililoishiwa upepo livutwe hadi gereji. Barabarani imepewa kazi nyingine. Mpira wa busta unapasuka Makambako au Salgaa, gurudumu linang'ang'ania, na fundi wa kando ya njia anakuja na spana. Anaingiza bolti, anaikaza springi hadi iachie, kisha anakunja mpira wa upepo unaoingia kwenye busta ile na kuufunga kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kuvuja kunakoma, geji inapanda, safari inaendelea na mzigo uleule.

Gurudumu hilo sasa halina breki ya mguu wala ya springi. Kichwa cha ekseli tatu na tela ya ekseli tatu vina breki 12. Ukizima mbili, kumi zilizobaki zinabeba joto la zote. Kama kati ya hizo kumi tatu zimelegea, saba ndizo zinazoshuka Kitonga na tani zako 50. Kwa hiyo gari lenye busta iliyofungwa bolti halibebi mzigo. Linavutwa, au linangoja busta nyingine iletwe. Najua kungoja huko kunauma: kuna siku za kukaa porini, kuna tajiri anayepiga simu kila saa, kuna posho inayokwisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopunguza joto la dramu.

Na usimruhusu mtu yeyote afungue chumba cha springi. Springi ya ndani imekandamizwa kwa nguvu inayokaribia tani moja, na ikifyatuka humuua aliye mbele yake. Busta ya springi iliyoharibika hubadilishwa nzima. Haipigwi nyundo, haikatwi kwa gesi, wala haiuzwi skrepa ikiwa springi yake bado ina nguvu.

Mipira ya tela

Kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela kuna mipira miwili ya upepo. Mwekundu ndio unaojaza matangi ya tela na kuachia breki zake. Wa pili, wa njano kwenye magari ya Ulaya na wa bluu kwenye ya Kimarekani, hupeleka amri ya mguu wako. Mwekundu ukikatika, breki za tela hubana zenyewe mara moja. Wa pili ukikatika hutajua lolote mpaka utakapokanyaga, kwa sababu hapo ndipo upepo unapopita ndani yake. Hivyo baada ya kuunganisha, usiridhike kwamba gari limejaza upepo. Mwambie utingo asimame pembeni, ukanyage, asikilize kwenye viungo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuunganisha kwenyewe. Tela iliyosimama kwa kukatiwa upepo tu, bila handibreki yake kuvutwa, huachia breki zake pale unapochomeka mpira mwekundu. Kama na kichwa hakijavutwa handibreki, vyote viwili vinaanza kutembea nawe umesimama katikati. Zoea utaratibu mmoja usiobadilika: handibreki ya kichwa, handibreki ya tela, vigingi, ndipo ushike mpira. Tela ya zamani isiyo na springi hushikiliwa na upepo uliomo kwenye tangi lake peke yake, na upepo huo huvuja usiku kucha. Hiyo usiiache hata saa moja bila vigingi.

Kushuka

Uamuzi wa mteremko hufanywa juu, kabla ya kona ya kwanza. Punguza mwendo gari likiwa bado kwenye tambarare, ingiza gia ya chini, washa ekzosi breki au ritada. Wazee wa kazi walifundisha kwamba mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia, na kwa injini za wakati wao ilikuwa sawa. Malori ya leo yana nguvu zaidi na hupanda mlima uleule kwa gia ya juu, kwa hiyo gia ya kushukia mara nyingi iwe chini ya ile ya kupandia. Gia ikiwa sahihi, injini inalishikilia gari nawe unagusa breki kwa nadra. Ukiona mguu hautoki kwenye pedali, gia ni kubwa mno: simama mapema, breki zikiwa bado zinaweza kukusimamisha, uanze upya kwa gia ya chini zaidi. Usijaribu kubadilisha gari likiwa limeshachukua kasi. Unayoitoa hairudi na unayoitaka haiingii, unabaki huna gia kabisa.

Hapo naomba tuseme wazi kuhusu kushuka kwa frii, yaani gia ikiwa imetolewa. Mteremko wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret umepata sifa mbaya kwa mchezo huu, na kisingizio ni dizeli. Hesabu yenyewe ni ya uongo. Injini ya dizeli ya kisasa ikiwa kwenye gia mteremkoni, mguu umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii, injini inalazimika kunyunyiziwa mafuta ili isizimike. Kwenye mteremko mkali, mwenye gia hachomi kitu na mwenye frii anachoma, huku mzigo wote akiwa ameutupia dramu.

Breki ya mguu itumie hivi. Amua kasi iliyo salama kwa mteremko huo, tuseme kilomita 40 kwa saa. Sindano ikifika 40, kanyaga kwa uthabiti hadi ishuke 32 hivi, kama sekunde tatu, kisha achia kabisa. Gari litapanda tena taratibu; likifika 40 rudia. Wengi hufanya kinyume: hushikilia pedali kidogo kidogo toka juu hadi chini wakidhani wanazihurumia breki. Kwa mguso mwepesi vali hazifunguki zote kwa pamoja, kwa hiyo magurudumu machache hufanya kazi ya yote na kuungua bila kupata nafasi ya kupoa. Kupampu haraka haraka nako ni kosa, maana kila unapoachia pedali upepo uliotumika unatupwa nje, na kompresa inaweza kuzidiwa. Mvua ikinyesha na tela ni tupu, zima ekzosi breki na ritada. Magurudumu ya kuendesha yakishikwa kwenye utelezi, tela itakukunja.

Ukifika chini salama, kazi haijaisha. Tafuta pa kusimama palipo sawa, weka vigingi, uzunguke gari. Peleka kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Utahisi joto likikupiga, gurudumu hadi gurudumu, mpaka ufike kwenye moja lililo baridi. Usilipongeze. Hilo halikufanya kazi, na wenzake waliungua kwa ajili yake. Lililo na moto kupita mengine nalo lina kasoro, huenda breki yake haiachii. Yote mawili yaende kwenye daftari kando ya vipimo vya asubuhi. Dramu ikitoa moshi usimwagie maji. Chuma cha kusubu kikipozwa ghafla hupasuka, na ufa huo hutauona. Usivute handibreki dramu zikiwa katika hali hiyo, acha vigingi vishike na breki zipoe zenyewe.

Zikikuacha

Kwanza, kama gari liko kwenye gia usiitoe; kama liko frii, ingia gia yoyote ya chini inayokubali, na ekzosi breki iwe imewaka. Kanyaga pedali mara moja kwa nguvu na ushikilie. Kama gari lina mkono wa breki za tela, uvute, kisha handibreki. Wakati huohuo washa taa zote na upige honi bila kukoma. Usingoje kona ifike ndipo uamue. Tafuta kupanda kokote, barabara ya kando inayoinuka, kingo za udongo, ukuta wa mlima wa kuegemeza ubavu wa gari kidogo kidogo. Upande wa mlima unakuharibia gari. Upande wa magari yanayokuja unaua watu.

Na miteremko yetu mingi huishia penye watu. Malori yenye mzigo wa Tunduma hushuka mteremko wa Iwambi yakaingia mji wa Mbalizi, kwenye maduka na bodaboda. Katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori la kontena liliyavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kwa hiyo kama unalo la kuamua ukiwa bado juu, liamue kwa faida ya walio chini.

Neno la mwisho ni kwa tajiri. Dereva wako akikupigia simu kutoka Makambako kwamba busta imepasuka na hataki kuifunga bolti, usimuulize atafika lini. Mwambie aweke vigingi, mtumie busta mpya, na mlipe siku alizongoja. Na kila mwezi omba uone lile daftari la vipimo. Kama halipo, gari lako halijui kama lina breki, nawe pia hujui.